Tumbawe likianza kuvuka ngozi, toa mkono kwenye maji kwanza

Juzi saa tano usiku dogo mmoja wa hapa kazini kanitumia picha, Akropora (tumbawe la matawi) ya mteja imekuwa nyeupe kuanzia shinani mpaka katikati, na chini yake kaandika "kaka nimeshabadilisha maji nusu, nimetia soda ya baikaboneti, nimetia dawa, nimehamisha na mawe, nifanye nini tena?" Sasa mdogo wangu, umebakiza nini cha kufanya, kulisomea dua? Nikacheka mwenyewe kitandani halafu nikanyamaza, maana yote aliyoyafanya nilishayafanya mimi, tena kwa mpangilio uleule. Basi nyinyi mlioingia kazini mwaka huu someni hapa, mimi nimechoka kuamshwa.

Mimi mtu wa Mafia, niko Dubai mwaka wa tisa huu, kazi ni hii hii ya kuzunguka na gari kuhudumia matangi ya matumbawe ya watu.

1. Jua kwanza unachokiangalia. Kupauka na kuvuka ngozi ni vitu viwili. Lililopauka nyama yake bado ipo, ukisogeza tochi unaziona polipu, vile vinyama vidogo vyenye vidole, zimekaa kama vioo, ni ule mwani wa ndani tu umetoka. Wazee wa kwetu wanaoenda mwamba wa Tutia watakusimulia 1998, bahari ilivyopata joto mpaka miamba ikawa myeupe kama imepakwa chokaa, na mingi haikurudi. Hii RTN yetu, yaani kuvuka kwa haraka, nyama yenyewe inabanduka mfupani kama kuku aliyechemshwa akapitiliza, asubuhi zima, jioni mfupa. Ikitambaa pole pole kwa wiki kadhaa kutoka chini hiyo STN, kuvuka kwa pole pole. Na kwenye zile Yufilia, matumbawe yenye minyiri mirefu laini, ukiona ute wa kahawia unanuka, zima pampu kwanza ndo ulitoe, usije ukausambaza tangi zima.

2. Pima kabla hujagusa kitu. Chumvi, joto, KH (alkalini ya maji, kwa digrii). Halafu pima tena kwa kiti nyingine ya kupimia. Hilo la kiti nyingine limenigharimu, ngoja niwaambie.

Mwaka wangu wa pili, tangi la lita 800 kwenye villa moja, mteja ana wageni Ijumaa. Jumatano jioni napima KH napata 6.2. Daftari linasema 8 mwezi mzima, pampu ya dozi inafanya kazi, matumbawe yamefunguka yanapendeza, mtu mwenye akili timamu angejiuliza hii mbili kasoro imepotelea wapi. Mimi nikajiona daktari. Kwa lita 800 digrii moja ni kama gramu 24 za baikaboneti, nikapiga hesabu ya kufika 9.5 kwa sababu nilisikia yanakua haraka huko juu, ikaja gramu 80 hivi, nikaikoroga ndoo moja nikaimwaga kwenye samp, lile tangi la chini la kuchujia, yote kwa mpigo, nikaenda kulala nimeridhika kabisa.

Alhamisi saa moja asubuhi dada wa kazi wa pale, Mkenya, kanipigia: "Kaka njoo, maua yenu yanamwaga ngozi." Mpaka leo sijasikia maelezo ya RTN yaliyonyooka kuliko hayo.

Nimefika, Akropora kubwa ya katikati imeshaachia nusu, vipande vya nyama vinaelea kama utando wa maziwa. Hapo ndo nikachanganyikiwa rasmi. Nikabadilisha nusu ya maji, na ile chumvi tuliyokuwa tunatumia ukiikoroga inatoka na KH 11 kwa hiyo nikaongeza petroli kwenye moto. Nikahamisha mengine yaliyokuwa mazima nikayaweka chini ya taa kali kwa sababu nafasi ilikuwa huko. Na lile linalokufa nikaliacha pale pale katikati, jamani, eti upande wa mbele bado una rangi, wageni hawataona kwa nyuma. Mkondo ukawa unachukua ile nyama iliyooza unaipeleka kwa majirani usiku kucha.

Ijumaa jioni makoloni matano kati ya saba mifupa mitupu. Mgeni mmoja kasimama mbele ya tangi akasema haya meupe ndo mazuri zaidi. Mteja akanitazama. Nikatazama skima, ile mashine ya povu.

Bosi nikamwambia bakteria. Wiki mbili baadaye nimefungua kiti mpya nikapima maji yaleyale kwa zote mbili, mpya inasema 8, ya zamani inasema 6 na kitu. Kumbe kifuniko cha regenti, ile dawa ya matone ya kupimia, hakikufungwa vizuri, chupa imekaa ndani ya gari Agosti nzima, na Agosti ya hapa mnaijua, maji yamekauka asidi imebaki imekolea, tone chache tu rangi inageuka. Yani KH haikuwahi kushuka. Mimi ndo niliitoa 8 nikaipeleka 11 kwa usiku mmoja. Mtu kaja hospitali kuulizia njia, nikamtundikia dripu. Bosi sijamwambia mpaka leo, akisoma hapa basi ndo kajua.

3. Likishaanza kweli, kata. Toa nje ya tangi, kata sentimita mbili juu ya mstari, kwenye nyama nzima, dipu ya iodini (lichovye kidogo), gundi, weka pembeni kwenye mkondo mzuri na taa ya wastani. Koleo la kukatia lioshe kabla hujaligusisha lingine. Kuna fragi, vile vipande ulivyokata, zitaendelea kuvuka hata hivyo, usilie.

4. Ligeuze tumbawe uangalie minyoo bapa. Alama za kuumwa za duara, mayai ya kahawia shinani. Dipu inaangusha minyoo, mayai haiyafanyi kitu, kwa hiyo yakwangue na urudie dipu baada ya siku kadhaa, nawe utasema umeshafanya na nitakujua hujafanya.

5. Antibayotiki usimwage tangini, utaua na bakteria wanaokusafishia maji. Florida ule ugonjwa wa kuvuka ulioonekana 2014 karibu na Miami, wapiga mbizi wanapaka amoksisilini ya kubandika kwenye mpaka wa kidonda tu, tumbawe moja baada ya jingine. Huo ndo uvumilivu. Wewe unamwaga chupa halafu unakwenda kula shawarma.

6. KH usiipandishe zaidi ya digrii moja kwa siku, mimi napenda nusu. Karboni mpya ya kuchujia maji iwepo garini muda wote. Wateja wakisafiri Julai wanazima AC, chila, mashine ya kupoza maji ya tangi, inazidiwa, pita uangalie.

Dogo wa juzi tumeokoa matawi matatu, yako tangi la dukani kona ya kushoto, msiyasogeze. Na ile regenti yangu ya zamani nimeiweka kwenye rafu ya juu, jana nimeikuta chini na kifuniko kimelegea. Nani kaitumia?