Soma Kwanza, Ndipo Uwashe Oveni

Jumatatu usiku nilipata ujumbe wa msomaji kutoka Mwanza. "Dada, nimeona picha ya keki yako ya mjusi. Na mimi ni mgonjwa wa Star Wars. Mwezi ujao nataka kumfanyia mwanangu keki ya Death Star, nianzie wapi?" Kwa msiojua: Star Wars ni zile filamu za vita vya angani, na Death Star ni ngome ya duara inayoelea humo angani. Nilidhani nitamjibu mistari miwili, nikajikuta naandika mpaka saa saba usiku. Basi jibu lenyewe naliweka hapa, maana najua mko wengi wenye hamu hiyohiyo.

Mdogo wangu, usianze na Death Star. Mimi nilianza nayo, na mpaka leo nikipita Magogoni nikaona pantoni linageuka, tumbo linanikaza.

Ilikuwa Machi 2019. Mwanangu anatimiza miaka minne, sherehe iko kwa wifi yangu Kigamboni. Filamu nilikuwa nimeziona zote, zile za zamani nilizimaliza nikiwa chuo kwenye kompyuta ya kuazima. Kitabu hata kimoja sikuwa nimefungua. Nilichukua picha kwenye simu, nikaoka nusu mbili za mpira kwenye mabakuli ya bati, nikaziunganisha kwa krimu ya siagi, nikafunika fondanti ya kijivu, yaani sukari iliyokandwa kama donge la unga, nikakesha nikichora mistari kwa ncha ya kisu. Asubuhi ilipokaa mezani ilikuwa ya kutazamwa. Nilijivuna, sioni haya kusema.

Saa saba mchana tuko kwenye foleni ya pantoni. Jua la Machi la Dar unalijua. Fondanti ni sukari, inavuta unyevu wa hewani, na pale Magogoni hewa yote ni unyevu. Tena nilikuwa nimeilaza keki kwenye friji usiku kucha, na keki ya baridi ikikutana na joto hutoka jasho kama chupa ya soda. Huko ndani siagi ikaanza kulainika. Nilikuwa nimeipakata mapajani. Niliuona ule mpira unakaa taratibu, unatanuka kiunoni, kisha nusu ya juu ikateleza ikalala ubavu. Rangi ya kijivu ilinishuka kwenye vidole mpaka viwiko. Mama mmoja aliyesimama karibu akavua khanga ya juu, akanipa nifunike ili watu waache kushangaa. Simjui jina. Mungu amlipe.

Kule Kigamboni wifi akaifunua mbele za watu, akauliza, "Huu mpira umekanyagwa na gari?" Wakacheka. Mwanangu naye akacheka kwa kuwa wakubwa wanacheka. Halafu wifi akaongeza lile neno lililonikaa: "Mtu mzima na mambo ya katuni." Keki ililiwa ikaisha, ilikuwa tamu. Lakini kwa miaka mitatu sikuoka tena kitu chochote cha Star Wars, wala filamu sikuzitazama mbele ya watu.

Kilichonirudisha ni kitabu. Pale Posta, kwenye meza ya vitabu vya mitumba, kati ya vitabu vya uhasibu na Biblia za zamani, nilikuta Heir to the Empire ya Timothy Zahn, riwaya ya 1991, jalada limechanika kona. Nilinunua kwa shilingi elfu tatu. Nilisoma na kamusi pembeni, maana Kiingereza chake kina maneno ya meli na vita ambayo ofisini kwetu hatuyatumii. Usiku wa kwanza nilisoma mpaka adhana ya alfajiri.

Humo nikakutana na Thrawn, admirali mkuu wa mabaki ya Dola, ule utawala wa mabavu wa kwenye filamu, mwenye ngozi ya bluu na macho mekundu. Thrawn kabla ya kupigana na watu huketi akatazama sanaa yao, michoro na vinyago vyao, na humo anaona watakosea wapi. Nilikiweka kitabu kifuani nikakaa kimya. Mtu anawajua watu kwa kutazama walichokitengeneza kwa mikono! Na mwanzoni mwanzoni tu, Luke Skywalker, shujaa wa filamu za kwanza, ameamka usiku kutoka kwenye ndoto ya kumuaga mwalimu wake, anakunywa chokoleti ya moto, kinywaji kigeni alichoonjeshwa na rafiki yake Lando. Shujaa aliyevunja Death Star, yuko peke yake gizani na kikombe. Kwenye filamu hukipati kikombe kile.

Hapo ndipo nilipoelewa keki yangu ya 2019 ilikosa nini. Joto lilikuwa tatizo, sawa, na joto lina dawa zake nitazitaja. Ila mimi nilikuwa nimenakili umbo la kitu nisichokijua. Sikujua watu gani waliishi ndani yake, wala nani aliwalilia waliokufa. Kama wifi angeniuliza siku ile, "Hebu tusimulie, hii ni nini?" nisingekuwa na la kusema zaidi ya "ni ile ya kwenye filamu."

Na kumbukeni kwamba hata hadithi yenyewe ilianza kuwafikia watu kama kitabu. Filamu ya kwanza ilitoka tarehe 25 Mei 1977. Riwaya yake ilikuwa madukani Marekani tangu Novemba 1976, jina la George Lucas juu ya jalada, ingawa aliyeiandika ni Alan Dean Foster. Kwa miezi sita kulikuwa na watu walioijua Tatooine, sayari ya jangwa alikokulia Luke, kwa maneno matupu, wakaijenga wenyewe kichwani. Mimi nawaonea wivu.

Tangu hapo nimesoma nyingi, sitawachosha kwa zote. Riwaya ya Revenge of the Sith ya Matthew Stover, ya 2005, inakuingiza ndani ya kifua cha Anakin, baba yake Luke, na hofu yake imo humo kama joka; filamu ileile niliyoitazama mara nne nikaiona upya. Vector Prime ya 1999 ilinitoa machozi jikoni, pale Chewbacca, yule jitu la manyoya, anapokufa akiangukiwa na mwezi kwenye sayari ya Sernpidal baada ya kumwokoa mtoto wa rafiki yake Han. Wenye mapenzi ya muda mrefu wanalo donda lingine: tarehe 25 Aprili 2014 ilitangazwa kwamba riwaya zile za zamani hazihesabiwi tena katika historia rasmi, zitaitwa Legends. Niliposoma habari hiyo, miaka mingi baadaye, niliumia kana kwamba nimeambiwa marehemu wangu hakuwahi kuzaliwa. Lakini Thrawn alirudi, kwenye katuni ya Rebels mwaka 2016, kisha Zahn mwenyewe akamwandikia riwaya mpya 2017. Kwa hiyo anayekwambia hadithi hizi zimefutwa, mwache apite.

Kuna na la kwetu. Katika filamu ya 1983, rubani msaidizi wa Lando, yule mwenye mashavu makubwa anayeitwa Nien Nunb, sauti yake ni ya mwanafunzi Mkenya, Kipsang Rotich, na baadhi ya maneno yake ni Kikuyu. Rafiki yangu wa Nyeri niliyesoma naye alipoyasikia alirudisha nyuma mara tatu, akayarudia kwa sauti, akanishika mkono. Na Maz Kanata, yule bibi mdogo wa filamu ya 2015, ni sauti ya Lupita Nyong'o. Mtu asikwambie haya ni mambo ya watu wengine.

Sasa keki ya mjusi. Kwenye kitabu cha Zahn kuna wanyama wanaoitwa ysalamiri, mfano wa mjusi mwenye manyoya, wanaishi kwenye miti ya sayari ya Myrkr. Kucha zao zimeingia ndani ya mti kiasi kwamba ukimbandua ovyo anakufa. Alipo huyo, Nguvu ya Jedi, yaani uwezo wa ajabu wa mashujaa kama Luke, haifanyi kazi. Thrawn anawaweka karibu na kiti chake. Mara ya kwanza kusoma hayo nilijua keki yangu imepatikana, maana ilikuwa na kitu cha kusimulia.

Nilioka keki tatu za chokoleti za duara, ndogo ndogo, nikazipanga kuwa kigogo. Chokoleti kwa ajili ya kikombe cha Luke. Siagi sikuitumia kabisa. Nilipaka ganashi, kilo moja ya chokoleti nyeusi kwa nusu kilo ya krimu, inayokaza hata katika joto letu. Nikaikwaruza kwa uma iwe gome la mti. Mjusi nilimfinyanga kwa fondanti iliyochanganywa na unga wa CMC unaoifanya ikauke ngumu, manyoya nikayachora moja moja kwa kijiti cha meno, nikamwacha juu ya kabati mbele ya feni siku tatu akauke. Kucha zilikatika mara mbili. Mara ya tatu nilizitoboza kwenye ganashi ikiwa bado laini, zikazama, zikashika. Nilirudi nyuma hatua mbili nikatazama. Alikuwa ameng'ang'ania mti kama kwenye kitabu.

Sherehe ya mwaka huu ilikuwa nyumbani kwetu Ilala. Mtoto wa jirani ndiye aliyeuliza, "Aunti, huyu mjusi ni nani?" Nikakaa kwenye mkeka. Nikaanza na Thrawn na michoro yake, nikaenda kwa Luke na chokoleti yake, watoto kumi na wanne wamenizunguka, keki haijakatwa, mishumaa inasubiri. Mmoja akabisha, "Sasa si Jedi amkate tu na upanga wa nuru?" Nikamwambia, akimkaribia ile Nguvu inamtoka. Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe ungefanyaje. Mwanangu alikuwa anawajibu kabla yangu, kwa sababu kila usiku namsimulia sura moja kwa Kiswahili. Wifi alisimama mlangoni na sahani mkononi mpaka mwisho. Hakusema neno, nami sikumuuliza. Ila nilimwona.

Kwa hiyo nakwambia, mdogo wangu, na wewe msomaji mwingine: soma kwanza. Usinakili picha za watu. Picha ni keki ya mwenzako, na yeye aliipata mahali fulani. Chagua kitabu kimoja, kisome polepole, tafuta ukurasa mmoja unaokukataza kulala, uoke huo. Mzazi unayelalamika watoto hawasomi, wewe mwenyewe mara ya mwisho kushika kitabu ni lini? Mtoto anaona. Na usiogope wa kukwambia ni utoto. Mtu anayejua anachokipenda ana cha kuwapa wageni wake.

Fondanti usiiweke kwenye friji. Tumia ganashi. Kijivu weka rangi nyeusi kidogo mno, maana rangi inakolea kadiri inavyokaa. Na soma kwanza.

Kwa mwezi ujao, fanya hivi: keki ya kawaida ya vanila, juu yake krimu ya bluu isiyokolea, kwa ajili ya maziwa ya bluu yanayonywewa mezani kwa ami yake Luke katika filamu ya kwanza. Haihitaji ufundi, haiporomoki, na mwanao atauliza kwa nini ni bluu. Wakati huo anza kutafuta kitabu cha Zahn hapo mjini, usidharau kilichochanika. Ukifika kwenye ile chokoleti ya moto, niandikie.