Motere ndogo ya mazutu kwa milima ya Bukavu: mnauliza, tunajibu

Karibu kila aliyetuandikia mwezi huu anataka kununua gari la okazi, yaani lililokwisha kutumika, la mazutu (dizeli), au amelinunua na limeanza kumsumbua. Tumechukua maswali sita.

Nina magari mawili mbele yangu: Toyota Corolla yenye motere ya 2C, kuukuu, viti vimechanika, na Renault Mégane 1.5 dCi ya 2006, safi kabisa ndani. Bei zinakaribiana. Kila wiki naenda Kavumu na kurudi. Nichukue lipi? (Papa wa watoto watatu, Panzi)

Chukua Corolla, Papa, mradi kulasi yake, yaani kichwa cha motere, haijawahi kupikwa. Namna ya kuijua iko kwenye jibu la tatu. Viti vinashonwa upya. Pompu ya dCi ikianza kujila, haishoneki.

Tofauti iko kwenye safari ya mazutu. Ndani ya 2C, ambayo ni ya sentimita za ujazo 1,974, pompu ya kuzunguka inasukuma mazutu hadi kwenye injekta, injekta inafunguka kwa shinikizo la bar 150 hivi, na moto unawakia kwanza kwenye kichumba kidogo cha kulasi kabla ya kumwagika kwenye silinda. Mfumo huu ni wa zamani, una kelele, na unakunywa zaidi, kama lita mbili zaidi kwa kilomita 100. Lakini unavumilia uchafu kidogo. Motere ya 1.5 dCi, ya sentimita 1,461, inahifadhi mazutu kwenye reli moja kwa shinikizo la bar 1,400 na zaidi. Kwa shinikizo hilo, vyuma vya pompu na injekta vinateleza kwa nafasi ya mikroni chache tu, na kinachovilainisha ni mazutu yenyewe. Tone la maji likipita, chuma kinasugua chuma. Pompu inaanza kutoa unga wa chuma unaong'aa, unga unaingia kwenye reli, kutoka kwenye reli unafika kwenye injekta zote nne. Fundi akibadilisha injekta moja bila kusafisha tangi, mipira na reli, mwezi ujao utarudi kwake.

Kuna la pili. Renault ilipanga oili ya motere hizi ibadilishwe baada ya kilomita 30,000 kwa matoleo mengi ya miaka ile. Ni mbali mno. Kusine, yaani beringi, za mikono ya pistoni zinakwisha, na siku moja unasikia mlio wa chini, tok-tok-tok, ukikanyaga mafuta ukiwa na mzigo. Anayeuza gari akiwa amesikia sauti hiyo hatakwambia.

Kama tayari una dCi, usiiogope, ihudumie: oili kila kilomita 7,500, filtre ya mazutu kila 10,000, na usinunue mazutu ya bidoni kabla ya kuyapima. Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, ijaze, iache wima nusu saa. Maji ni mazito kuliko mazutu, kwa hiyo yatakaa chini kama jicho la duara linalotetemeka ukiigusa chupa. Mazutu yenyewe yawe yanaonyesha, uweze kusoma gazeti lililo nyuma ya chupa. Yakiwa na ukungu, maji yamo ndani ingawa bado hayajashuka. Yarudishe kwa mwenyewe.

Noah yangu ina 3C-T, turbo. Inachemka nikipanda Ngomo kutoka Kamanyola na abiria saba. Fundi amebadilisha gasketi ya kulasi mara mbili ndani ya mwaka mmoja, sasa anataka ninunue motere nyingine ya aina hiyohiyo. (Dereva, Essence)

Usinunue bado. Gasketi inaungua kwa sababu kitu kingine kinapika motere, na kitu hicho kitaipika motere mpya vilevile.

Anza na kifuniko cha radiatere. Kwetu, kwenye mita 1,500 hivi, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95, si 100. Kifuniko kizima cha bar 0.9 kinaongeza shinikizo, na maji hayachemki hadi nyuzi 115 hivi. Mpira wake ukikauka au springi ikilegea, umepoteza nyuzi 20 nzima, na 3C-T yenye mzigo kwenye mlima inazihitaji zote. Ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote kwenye gari lako, na ndicho mafundi wengi hawakigusi.

La pili ni hewa. Motere ya Noah hii iko chini ya viti vya mbele, mipira ya maji ni mirefu na baadhi inaenda hadi hita ya nyuma. Ukijaza maji haraka, hewa inanasa juu ya kulasi. Jaza hivi: gari lisimame likitazama mlimani, pua juu, hita zote zifunguliwe hadi mwisho, jaza polepole, motere ikiwa baridi. Iwashe bila kifuniko, iache iungurume robo saa, huku ukiminya mpira wa juu kwa mkono uliofungwa kitambaa. Mapovu yatatoka na maji yatashuka, ongeza. Termostati ikifunguka, mpira wa chini utapata joto. Hapo ndipo unafunga. Tumia maji safi nusu na kipoza-motere nusu. Maji ya ziwa matupu yanaleta kutu, na kutu inaziba mirija ya radiatere.

Sasa kulasi yenyewe. Muulize fundi wako kama aliipeleka kupimwa kwa shinikizo la hewa ndani ya maji ya moto. Kulasi za 2C na 3C zenye turbo zinapasuka kati ya valvu ya kuingiza na ya kutoa, ufa mwembamba kama unywele, usioonekana kulasi ikiwa na masizi. Alaze pia rula ya chuma juu yake na kuingiza geji: pengo likizidi milimita 0.2, kulasi imepinda. Na gasketi ya 3C inauzwa kwa unene zaidi ya mmoja, unaotofautishwa na mikato midogo pembeni. Unachaguliwa kwa kupima jinsi pistoni zinavyotokeza juu ya bloku. Ukipewa nyembamba kuliko inavyotakiwa, hutakaa nayo.

Mwisho, angalia kama kuna mtu aliyefungua skrubu ya mazutu kwenye pompu ili gari "lipande". Moshi mweusi mzito mlimani ndio ushahidi. Mazutu ya ziada hayana hewa ya kuyachoma, joto la moshi linapanda, na kulasi ndiyo inayolipa. Yakithibitika haya yote na kulasi ina ufa, weka kulasi mpya, si ya okazi. Ile ya okazi imeshapikwa na mtu mwingine.

Kesho asubuhi naenda kuona Hiace yenye 3L. Mimi si fundi. Niangalie nini? (Mama mfanyabiashara, Nyawera)

Mama, umechagua vizuri. 3L ni ya sentimita za ujazo 2,779, haina turbo, haina kompyuta, na karibu kila fundi wa Bukavu ameshaifungua.

Fika mapema kuliko saa mlizopatana. Weka kiganja juu ya motere: ikiwa ya moto, mwenyewe ameipasha ili kuficha jambo, ahirisha hadi kesho yake. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha radiatere. Maji yenye mafuta yanayoelea, au rangi ya udongo, ni dalili mbaya. Vuta kijiti cha oili, kisugue kati ya vidole. Weusi ni kawaida kwa mazutu, rangi ya maziwa si kawaida. Washa kontakti, subiri taa ya bujia za kupasha joto izimike, kisha washa. Asubuhi ya baridi kidogo, motere nzima inashika ndani ya sekunde chache. Ikitetemeka na kutoa moshi mweupe unaochoma macho, huenda bujia moja au mbili zimekufa, na hilo ni dogo. Lakini moshi huo ukiendelea hata motere ikipata joto, shaka inahamia kwenye kompresheni au injekta.

Ikiwa imewaka, shika mpira wa juu wa radiatere mara moja. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja wakati maji bado ni baridi, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Ondoka hapo, usijadili bei. Kisha fungua mdomo wa kujazia oili motere ikiwa inaunguruma. Pumzi kidogo inakubalika. Moshi unaopuliza kwa mapigo na kurusha matone unaonyesha ringi zimechoka. Moshi wa bluu nyuma unasema jambo hilohilo.

Kama umeipenda, lipa fundi apime kompresheni kabla ya kulipa gari. 3L nzuri inatoa bar 31 hivi kwa kila silinda. Chini ya 20 imekwisha, na tofauti kati ya silinda isizidi bar 5. Kwa mwinuko wetu geji itasoma chini kidogo, kwa hiyo tofauti hiyo ndiyo ya kuaminika zaidi.

Peugeot Partner yangu 1.6 HDi imekula turbo mbili kwa miezi minane. Muuzaji wa vipuri anasema ni bandia. (Bagira)

Huenda turbo zilikuwa nzima. Toa kifuniko cha plastiki cha juu na utazame miguu ya injekta. Ukiona kitu cheusi kigumu kama lami iliyokauka kimezunguka moja au mbili, umempata mwizi. Washa (pete bapa) za shaba chini ya injekta zinavuja, gesi inapita, masizi yanageuka tope zito ndani ya oili. Tope hilo linaziba chujio la chini kwenye sampu, yaani beseni la oili, na hasa kijichujio kidogo ndani ya skrubu ya mpira unaopeleka oili kwenye turbo. Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 150,000 kwa dakika. Ikikosa oili sekunde chache tu, imekwenda.

Kwa hiyo kabla ya turbo ya tatu: pete nne mpya za shaba na sehemu zinapokaa zisafishwe, sampu ishushwe, chujio lake lisafishwe, bomba la oili la turbo na skrubu yake viwe vipya, skrubu iwe isiyo na chujio, bomba la kurudishia lisiwe limezibika. Oili iliyomwagika na turbo ya zamani itolewe kwenye intakula (kipoza hewa ya turbo), la sivyo motere inaweza kuinywa na kukimbia yenyewe hata ukizima kontakti. Kisha fungua bomba la kurudishia oili, weka chini yake chombo chenye alama, uache motere iungurume dakika moja. Isipotoa angalau lita 0.3, njia bado imeziba, na usifunge kazi. Oili hiyo ya kwanza ibadilishwe baada ya kilomita 1,000, zinazofuata kila 10,000.

Anayetafuta Partner na hajanunua bado, aulizie ile ya 1.9 D, ya sentimita 1,868, isiyo na turbo. Ni nzito kupanda, lakini haina hadithi hii.

Hapa juu, ni heri yenye turbo au isiyo na turbo? (Muhumba)

Hewa ya Bukavu ina shinikizo la kama bar 0.85, kwa hiyo motere isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 15. Corolla 2C yenye farasi 73 kando ya bahari inabaki na 62 hivi, na inatoa moshi kwa sababu pompu yake inapeleka mazutu ya kule kwenye hewa ya huku. Mpelekee fundi wa pompu, apunguze kidogo.

Turbo inarudisha nguvu hiyo, lakini kwa kuzunguka zaidi na kuleta joto zaidi. Kwa mzigo wa kila siku tunapendelea motere kubwa isiyo na turbo, kama 3L au 5L, kuliko ndogo inayosukumwa. Kwa mtu anayeenda peke yake ofisini, mwenye kituo cha mazutu anachokiamini, 2.0 HDi ya valvu nane ni chaguo zuri. Epuka yenye FAP, chujio la masizi kwenye bomba la moshi: safari fupi za mjini hazifikii joto la kuichoma masizi yake, na inaziba.

Muuzaji anasema mkanda wa distribisyo (unaoendesha valvu) ulibadilishwa mwaka jana, na taa ya T-BELT haiwaki. Inatosha? (Kadutu)

Haitoshi. Taa hiyo ya Toyota inawaka baada ya kila kilomita 100,000, na inazimwa kwa kuhamisha skrubu moja nyuma ya dashibodi bila mtu kugusa mkanda. Mkanda ukikatika, pistoni zinagonga valvu. Siku ya kununua, weka kando pesa za mkanda, roli yake ya kukazia na pompu ya maji, na uvibadilishe kabla ya safari ya kwanza ya Uvira.