Uliza Mzee Usukani: Tuko saba, je, mizigo itakaa wapi?

SWALI: Shikamoo Mzee Usukani. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunakaa Kinyerezi. Mkubwa ana miaka 16, mdogo ana mitatu. Ukiongeza mimi, baba watoto na mama mkwe ambaye safari nyingi tunakwenda naye, tunatimia saba. Premio yetu imetushinda. Kila Desemba tunakwenda Marangu kuhesabiwa, Pasaka tunapenda Lushoto, na watoto wananisumbua niwapeleke Mikumi na siku moja tukalale kwenye mahema Kigamboni. Bajeti yetu ni milioni 30, haivutiki. Mimi nataka Noah. Baba watoto anasema Noah ni daladala. Yeye ameonyeshwa na dalali Prado ya dizeli ya mwaka 1998 na anaapa kwamba hilo ndilo gari la safari. Rafiki yake naye anatutajia Delica. Tushauri kabla hatujanuniana.
Mama Wanne, Kinyerezi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Dalali akikuonyesha gari atakunja siti ya nyuma, uone buti unaloweza kulaza godoro. Kisha atainua siti ile ile akuonyeshe kwamba linabeba watu saba. Yote mawili ni kweli, ila si kwa wakati mmoja. Ninyi mnasafiri saba, kwa hiyo siti ya nyuma haitakunjwa, na buti lenu ni kile kipande kinachobaki kati ya mgongo wa siti hiyo na mlango. Hicho kipande ndicho cha kukitazama kabla hujatazama rangi, taa wala rimu.

Nendeni yadi wote saba, mama mkwe akiwemo, na mabegi yale yale mnayokwenda nayo Marangu. Muuzaji atawashangaa, mwacheni ashangae. Kila mtu akae pake, mizigo ipangwe, mlango wa nyuma ufungwe, halafu mkae humo robo saa huku mkijadili bei. Miguu ya huyo kijana wa miaka 16 itakupa jibu kabla yangu.

Sasa hiyo Prado. Ni ya ule uzao wa 90 (hiyo ni namba ya toleo, si mwaka), uliotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2002. Siti yake ya tatu iko chini karibu na sakafu, magoti yanapanda kifuani. Mtoto mdogo atakaa na kufurahi. Kijana wako atavumilia mpaka Chalinze, kisha ataanza kuulizia nauli ya basi. Nyuma ya siti hiyo hapaingii begi la maana, kwa hiyo mzigo wote utapanda kwenye keria. Mama mkwe naye itabidi aparamie. Ngazi ya pembeni ipo na pa kushika papo, lakini fikiria kupanda na kushuka Msata, Korogwe, Same, mpaka Himo.

Mimi siichukii Prado. Nimeendesha watalii miaka mingi kabla ya kuja Ilala kuwakagulia watu magari, na ile njia ya kutoka Kibiti kwenda Mloka, kwenye lango la Mtemere la Hifadhi ya Nyerere, wakati wa masika singethubutu kuipita na Noah. Chasisi ya Prado ni nzito, na ina gia ya chini ya kujinasulia kwenye tope. Ila kama ni dizeli ya mwaka 1998 iliyotoka Japani, yaelekea injini yake ni 1KZ. Silinda hedi yake, yaani kifuniko cha juu cha injini, ni ya alumini, imekaa juu ya bloku ya chuma cha kusubu. Injini ikichemsha sana mara moja tu, hedi inaweza kupasuka. Gari la umri huo limeshapitia mikono mingapi, na ni mkono upi uliochemsha kisha ukanyamaza? Nenda asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Ukiona maji ya rejeta yanapungua na hakuna panapovuja, au gari likiunguruma maji yanatoa mapovu, mshukuru dalali na uondoke. Muulize pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Akijibu "bado mzima", hesabu kwamba haujabadilishwa.

Kwa milioni 30, baba watoto atanunua Prado na hatabakiwa na hela ya kuitengeneza. Prado ya 120, iliyoanza 2002, ni gari zuri zaidi, lakini kwa bajeti yenu utakayoipata itakuwa na siri. Na hata hiyo mimi huihesabu ni gari la watu watano na mizigo yao.

Kuhusu neno "daladala", namwelewa. Anaikumbuka Noah SR40, ile ya zamani yenye injini chini ya siti ya dereva, ambayo mikoani imepakia watu mpaka ikachoka. Wewe hiyo usiiguse. Mwonyeshe Noah au Voxy ya uzao wa 70, iliyotoka 2007 hadi mwanzoni mwa 2014. Kati ya SR40 na hiyo upo uzao wa 60, ulioanza 2001. Huo nao ni mpana wa kutosha, lakini injini yake ya D-4 inarusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa, na pampu hiyo ikianza kusumbua mafundi wengi wa mtaani wanabahatisha. Kwa familia inayokwenda Moshi, sitaki kubahatisha kufanyike Mombo saa nne usiku.

Noah ya 70 ina mlango wa kuteleza, sakafu ya chini mama mkwe anakanyaga mara moja tu, na siti ya tatu ambayo mtu mzima anakaa kweli. Chukua ya siti nane, si ya saba. Najua ya saba inapendeza, katikati pana njia ya kupita mpaka nyuma. Lakini kwa watu saba, siti ya nane ndiyo inayokaa kapu la chakula, jaba la maji na mto wa mtoto. Siti ya kati pia inasogea mbele kwa reli, na kila inaposogea miguu ya waliokaa nyuma inapata nafasi.

Lipo jambo moja watu hawalijui. Wajapani wanapoandika uzito wa juu wa gari la familia, kila abiria wanamhesabia kilo 55. Noah ya watu nane imepigiwa hesabu ya kilo 440 za watu. Sasa tupime sisi wenyewe, tuongeze mabegi, na wakati wa kurudi Marangu mkungu wa ndizi mliopewa na bibi ambao haukataliwi. Kwa hiyo tairi zisiwe zile zilizokuja na gari zikiwa na nyufa pembeni, shokapu za nyuma zibadilishwe kabla ya Desemba, na upepo ujazwe kwa kufuata kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, si kwa kukadiria kwa teke. Likijaa, gari hilo linashuka, na matuta ya barabarani yatagusa egzosi. Vuka polepole na kwa pembe kidogo.

Gia boksi yake ni CVT, ile otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua. Watu wanaiogopa bure. Inayouawa ni ile inayowekwa mafuta ya gia ya kawaida kwa sababu yalikuwa bei nafuu kwenye maduka ya spea ya Gerezani. Inataka mafuta ya CVT, basi. Ukiijaribu, usizunguke nayo mtaani kwenye lami tambarare. Toka hapo kwenu Kinyerezi, pita Pugu, panda mpaka Kisarawe mkiwa mmejaa na AC imewashwa. Ikitetemeka inapoanza kuondoka, au injini ikipiga kelele na gari lisiongeze mwendo, hiyo si yako. Humo humo hakikisha matundu ya AC ya nyuma yanatoa ubaridi. Wauzaji wengi wanawasha ya mbele tu.

Delica ya rafiki yenu, kama ni ile D:5 iliyotoka kuanzia 2007, nitasema ukweli: kwa mnayotaka kufanya ndilo gari lenyewe. Watu wanane, imeinuka, na nyingi zinavuta tairi zote nne. Tatizo lake ni vipuri. Spea ya Noah utaipata Korogwe na Himo. Ya Delica utapiga simu Dar na kusubiri basi la usiku. Mwenye fundi anayeijua na akiba pembeni aichukue. Alphard ya 2.4 ni tamu kuikalia, lakini nyingi za injini hiyo zinakunywa oili, na ni nzito mlimani. Serena iacheni.

Mkifikiria kuagiza wenyewe Japani badala ya kununua hapa, pigeni hesabu kwanza kwenye kikokotoo cha TRA. Injini ya Noah ni cc 1,986, inaangukia kwenye ushuru wa bidhaa wa asilimia 5. Ikivuka cc 2,000, kama ile Alphard, ni asilimia 10. Na magari ya uzao wa 70 yote yameshavuka miaka 10, hivyo yana ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 juu yake. Watu wengi wanaona bei ya mnadani, wanafurahi, wanasahau bandari.

Sasa safari zenyewe. Marangu ni lami mwanzo mwisho, Noah inatosha. Lushoto pia: kutoka Mombo ni kilomita 33 za lami na kona. Wakati wa kushuka weka gia ya chini ushikwe na injini, usiegemee breki mpaka zinuke. Mtoto wako wa miaka mitatu atatapika. Beba kindoo chenye mfuniko, kwa kuwa mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu 2019. Ukitaka kupitiliza Lushoto kwenda Mtae, acha Noah hotelini.

Mikumi watoto wako wataanza kuona wanyama kabla hujalipa senti. Barabara kuu ya Iringa inakatiza ndani ya hifadhi kwa kilomita kama 50, mwendo mwisho 70, na ukimgonga mnyama unalipa faini. Ndani ya lango, kiangazi Noah itapita baadhi ya njia. Lakini nyanda za Mkata zina udongo mweusi wa mfinyanzi, mvua ikinyesha unageuka gundi. Mkifika kodini Land Cruiser ya wazi juu kwa nusu siku, pamoja na dereva anayejua simba wamelala wapi. Mtakodi mara moja au mbili kwa mwaka. Hela ya kumiliki gari la porini mwaka mzima, likipeleka watoto shule kwenye foleni ya Tabata, ni nyingi kuliko hiyo.

Kigamboni simamisha gari pale lami au kifusi kinapoishia, bebeni mahema kwa mikono. Mchanga wa ufukweni hauna heshima kwa gari linalovuta tairi mbili.

Na badilisheni redio. Redio nyingi za Kijapani zinaishia 90 kwenye FM, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Safari ya Moshi ni ndefu mno kusikiliza watoto wakigombana tu.

SWALI: Mzee Usukani, nina Toyota Wish ya cc 1,800, mke na mtoto mmoja. Nataka kuweka keria, juu nifunge hema, jenereta ndogo, jiko la gesi na madumu ya maji twende Udzungwa. Itastahimili?
Kijana wa Mbagala

JIBU: Hema likae juu, na magodoro. Jenereta na madumu yateremke, kaka. Uzito wa juu unafanya gari liyumbe kwenye kona na upepo wa malori uwatingishe, na paa la Wish halikutengenezwa kwa ajili hiyo. Ninyi ni watatu, siti ya nyuma yote ni yenu: ilaze, weka vizito chini, vikiegemea mgongo wa siti ya kati, uvifunge kamba ili ukikanyaga breki visikufuate. Gesi ifungwe koki na isimame wima. Maji mtayapata Mang'ula, kwa nini uyabebe kutoka Mbagala? Jenereta nayo iache. Walio kwenye mahema ya jirani wanataka kulala.

SWALI: Sisi ni wastaafu wawili, tunapenda kutembea. Watoto wanatusukuma tununue gari kubwa. Ni lazima?
Mwalimu, Mbezi

JIBU: Shikamoo mwalimu. Kwa nani hasa? Kama ni kwa ajili ya wajukuu wanaokuja Desemba tu, kodini wakija. Wawili mkitaka Morogoro, tangu 2024 kuna treni ya umeme inayofika chini ya saa mbili, na pale mjini mtapata gari la kuwapandisha Uluguru. Mnaendeshwa, mnaangalia milima. Hela ya gari kubwa ibaki benki.