Seli ikianza kufa, nani anazizima ishara za kuishi?

Mtwara

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza swali ambalo hata wanafunzi wangu wa kidato cha sita hawakuwahi kuniuliza miaka yote niliyofundisha baiolojia: kama seli inapokea ishara za kuiambia iishi, mbona ishara hizo haziiokoi inapoanza kufa? Unasema mhadhiri wenu alijibu "zinazimwa" akapita. Mimi nisingepita, maana utamu wenyewe uko hapo hapo.

Kwanza usidhani seli inakufa kwa kuchoka. Seli nyingi za mwili wako zina vifaa vya kujiua tayari ndani yake. Zinaishi kwa sababu jirani zao zinaziambia ziishi. Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1986 kwa kugundua vichocheo vya ukuaji, na kichocheo cha Rita ndicho baadhi ya seli za neva zikikikosa zinakufa. Kichocheo kikishika kipokezi chake juu ya utando, protini ya AKT inawashwa ndani. AKT nayo inaibandika fosfeti protini iitwayo BAD, na BAD yenye fosfeti hushikiliwa kando isilete madhara. Ishara ikikatika, BAD inaachiwa, inawabana protini ya Bcl-2 na nduguze wanaoilinda mitokondria, mitambo ya nishati ya seli; mitokondria inatobolewa, protini yake iitwayo saitokromu C inavuja, na kaspesi zinaamka.

Kaspesi ni vimeng'enya vya kukata protini. Muda wote zimo ndani ya seli, zimelala. Zikiamka hazikati ovyo: zinatafuta asidi amino ya aspatiki iliyo katika mpangilio fulani, zinakata baada yake. Vitabu vingi vinazieleza kama vyombo vya kubomolea tu, kwamba zinakata nyuzi zinazoipa seli umbo na kuachilia kimeng'enya cha kukatakata DNA. Ni kweli, lakini wanasahau nusu ya kazi. Kaspesi zinazifuata pia zile protini zinazobeba ishara za kuishi. AKT yenyewe inakatwa. Raf-1 inakatwa. FAK, inayoiambia seli kwamba bado imeshika mahali pake kwenye tishu, inakatwa, na seli inaachia, inajikunja kuwa duara.

Viluwiluwi wa madimbwi ya Chikongola uliokuwa ukiniletea kwenye kopo wakati wa mvua, kazi hii ilikuwa ikifanyika mkiani mwao mbele ya macho yako. Miguu ya mbele ikishatoka, mkia unasinyaa, unakuwa mweusi na mfupi kila kukicha, lakini hauozi wala hautoi usaha. Seli zinakufa moja moja na kumezwa na nyingine. Na homoni inayouamuru mkia ufe ni ile ile ya thairoidi inayoamuru miguu iote!

Sasa tufike kwenye NF-κB, protini ya kuwasha jeni, maana ndiyo niipendayo. Kwa kawaida inashikiliwa nje ya kiini na protini ya IκB. Ishara ya kuishi ikija, IκB inawekewa alama ya kuharibiwa, inavunjwa, na NF-κB inaingia kwenye kiini kuwasha jeni za kujilinda. Kaspesi inafanya nini? Inaikata IκB karibu na mwanzo wake na kuondoa kile kipande ambako alama hubandikwa. IκB iliyobaki haiwezi tena kuvunjwa kwa njia ile, kwa hiyo inaendelea kuishikilia NF-κB hata ishara zije kwa wingi namna gani. Na NF-κB iliyokwisha kuponyoka nayo inafuatwa: sehemu yake ya p65 inakatwa ikabaki na uwezo wa kushika DNA bila uwezo wa kuwasha jeni. Inakalia nafasi bure na kuwazuia wenzake wazima.

Bcl-2 ni hatari zaidi. Ikikatwa kichwa na kaspesi, kipande kinachobaki hakilindi tena mitokondria, kinasaidia kuitoboa. Ni kama mlinzi wa ghala la korosho aliyehongwa: funguo anazo, na milango yote anaijua. Hapo utaona kwa nini mzunguko huu ukishika kasi ni vigumu kuurudisha. Saitokromu inaamsha kaspesi, kaspesi zinakata Bcl-2, saitokromu nyingine inavuja.

Lakini usiandike kwenye karatasi yako kwamba kaspesi ikiamka basi kwisha habari. Kuna protini ya RasGAP. Kaspesi zikiwa chache, zinaikata mara moja, na kipande kinachotokea kinaiamsha AKT na kuilinda seli. Zikizidi, kipande hicho hicho kinakatwa tena na ulinzi unaondoka. Kwa hiyo kisu kimoja kinaokoa kwa kipimo kidogo na kuua kwa kipimo kikubwa. Tena maabara zimeonyesha seli zilizokwisha kusinyaa zikipona baada ya kuondolewa sumu mapema. Mimi naona "hairudi nyuma" ni neno la kutumia kwa uangalifu.

Kwa nini mwili uhangaike kuzima ishara badala ya kuziacha zishindane? Kwa maoni yangu, seli inayokufa nusu ni mzigo. Imeshaanza kukatwa DNA. Ikipata ishara ya kuishi na kugawanyika hali hiyo, mabadiliko yale inayarithisha, na saratani nyingi zinaanzia kwenye DNA iliyoharibika.

Uliuliza pia kuhusu dawa. Bcl-2 iligunduliwa miaka ya 1980 kwenye limfoma, saratani ya seli za limfu, ambako kipande cha kromosomu ya 18 kimehamia kwenye ya 14 na jeni yake ikawa inafanya kazi bila kupumzika. Venetoclax, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa aina moja ya saratani ya damu, inaibana Bcl-2 pale pale BAD na wenzake wanapoibana. Ukichora mchoro wako, uanze na mshale unaoelekea kwenye Bcl-2, kisha uniletee nikague kabla hujaupeleka kwa mhadhiri.

Baba yako anakusalimu, anauliza kama korosho zilifika.

Mama