Siga zisikauke, na zisiote kuvu

Safu ya Fundi wa Nyumbani

Barua za toleo hili zimezunguka jambo moja: namna ya kutunza siga, zile sigara nene zinazosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, bila kununua sanduku la dukani. Tukumbushane kwanza kiwango. Siga inataka hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 21. Hewa ikiwa kavu, jani la nje linapasuka na moshi unakuwa mkali kooni. Unyevu ukipita 75, kuvu inaota.

Habari za kazi, mafundi. Nimepata kuliboksi chakavu la lita 25, lililokuwa likibebwa kwenye gari la safari. Bawaba moja imevunjika. Nina siga kama sitini, nyingi ni fupi, sentimita 12 na kitu. Zimekaa kabatini na sasa ukizibonyeza zinalia kama majani makavu. Je, kuliboksi linafaa? Nianzie wapi?
*Msomaji, Kijenge, Arusha*

Linafaa sana, ndugu yetu, tena kuliko masanduku mengi ya mbao yanayopendeza kwa macho. Ukuta wake una povu la kuzuia joto, kwa hiyo ubaridi wa usiku wa Julai na jua la mchana havifiki ndani kwa haraka. Bawaba isikusumbue, mkanda mmoja wa kubana mizigo unatosha. Kinachosumbua ni mfuniko. Makuliboksi mengi ya bei nafuu hayana mpira kwenye mfuniko, maana barafu haijali hewa kidogo ikipenya. Siga inajali.

Anza kwa kuosha. Maji ya uvuguvugu lita 2, soda ya kuokea vijiko 4 vya chakula, sugua, suuza, kisha liache wazi kivulini siku tatu. Usitumie sabuni ya unga yenye manukato wala dawa ya madoa. Plastiki hushika harufu, na tumbaku huifyonza kutoka kwenye plastiki.

Kisha tafuta mianya. Usiku, zima taa, washa tochi ya simu, itumbukize ndani na ufunge. Mahali mwanga unapochungulia ndipo hewa inapotokea. Mara nyingi ni kwenye tundu la kutolea maji na upande wa bawaba. Tundu lizibe kwa kizibo chake na mpira mpya, si kwa silikoni inayonuka siki, kwani harufu ile hukaa wiki nyingi. Ukingo wa mfuniko ubandike utepe wa povu wa kuzibia madirisha, upana wa sentimita 1, na ncha zikutane sawasawa bila kuacha nafasi. Sasa weka kipande cha karatasi ukingoni, funga, kivute. Kikitoka kwa ulaini, utepe haujabana hapo. Rudia pande zote nne.

Ndani weka trei mbili za mbao zisizo na rangi. Tuseme upana wa ndani ni sentimita 36 kwa 22. Trei iwe 34 kwa 20, kimo 5, mbao ya milimita 6, ili ibaki sentimita moja kila upande hewa ipite. Siga zako fupi zikilazwa kwa upana zitaingia 16 kwa mstari, mistari miwili juu kwa juu, yaani 32 kwa trei. Sitini zimeenea. Toboa sakafu ya trei matundu ya milimita 10, kumi na mawili hivi, na trei ya chini isimame kwenye miguu ya sentimita 3.

Kifaa cha unyevu ni kibweta cha plastiki cha kubebea sabuni safarini. Kitoboe matundu mfunikoni, kijaze sponji ya kijani ya wapanga maua, ile ngumu inayovunjika kama mkate. Changanya mililita 50 za maji safi ya betri na mililita 50 za propilini glikoli kutoka duka la kemikali, imimine polepole sponji inywe, kisha kigeuze dakika kumi kimwage kilichozidi. Tengeneza viwili, kimoja chini na kimoja juu ya trei ya pili. Mchanganyiko huo wa nusu kwa nusu una tabia nzuri: hewa ikipungua unyevu hutoa, ukizidi 70 hivi hufyonza kidogo. Glikoli haikauki, maji ndiyo yanayokauka, kwa hiyo baadaye ongeza maji tu. Angalieni jina kwa makini, wasomaji. Glikoli ya kwenye rejeta ya gari ni kitu kingine, nayo ni sumu.

Tunaposema maji ya betri tuna maana ya yale yaliyosafishwa, ya kuongezea. Soma chupa, maana dukani hukaa rafu moja na asidi. Maji ya bomba ya Arusha yaacheni. Madini yake, ikiwamo floraidi ileile inayotia meno rangi ya kahawia, hubaki kwenye sponji maji yakikauka na kuziba vinyweleo. Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua, madini yanabaki palepale.

Sasa hizo siga zilizokauka. Usizikimbize. Zikipelekwa moja kwa moja kwenye 70, tumbaku ya ndani inavimba na jani la nje, ambalo ni jembamba na limeshakakamaa, linachanika kwa urefu. Wiki mbili za kwanza weka kibweta kimoja tu, unyevu ukae 60 hadi 62. Kisha ongeza cha pili. Zigeuze kila wiki. Zitachukua mwezi, pengine miwili, na mafuta yaliyokwisha potea hayarudi. Zitavutika, ila usitegemee ladha ya mwanzo.

Mimi ni seremala. Mteja anataka trei za sanduku la siga na anasisitiza mbao ya mwerezi. Huku kwetu mwerezi ni mtarakwa. Ndio huohuo? Na nipige vanishi ya namna gani?
*Fundi, Kiborloni, Moshi*

Sio huohuo, fundi, na hapa jina limewaponza wengi. Mtarakwa, ambao wengine huuita mwangati, ndio mti wa penseli. Mafuta yake ni makali kiasi cha kufukuza wadudu kabatini, na siga ikikaa nao mwezi mmoja utavuta penseli. Mbao anayoitaka mteja ni sedrela, mti wa Amerika ya Kati na Kusini. Kwa ukoo haihusiani na mtarakwa hata kidogo. Ndugu zake ni mkangazi na mwarobaini. Mti huo wa sedrela uliletwa nchini kama mti wa mbao, na kwenye msitu wa Kimboza, Morogoro, umesambaa mpaka unahesabiwa kuwa mti vamizi. Ukipata mbao yake, ina rangi ya hudhurungi inayoelekea waridi, nyepesi mkononi, na ukiikwaruza kwa ukucha harufu yake ni tamu na ya upole.

Usipoipata, tumia mkangazi. Hauna harufu ya kuishinda ya siga na hautembei sana, yaani hauvimbi wala kusinyaa sana, unyevu ukibadilika. Paini hapana, ina utomvu. Plaiwudi na mbao za unga uliogandishwa hapana, gundi yake inatoa harufu kwa miaka. Zaidi ya yote, uliza mbao imetoka wapi: iliyopigwa dawa ya mchwa au oili chafu isiingie kwenye kazi hii hata kama umeiranda ukaiona nyeupe.

Vanishi usipige ya aina yoyote. Mbao lazima ipumue, hiyo ndiyo kazi yake humo ndani. Msasa namba 180, futa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi. Viungo vishike kwa gundi nyeupe ya mbao na uache trei wiki moja kabla ya kumkabidhi mteja. Sedrela mpya wakati mwingine hutoa vitone vya utomvu unaonata. Vifute kwa pamba yenye spiriti, subiri ikauke, viangalie tena baada ya siku chache. Na mbao mbichi itakuaibisha. Trei ya milimita 6 iliyokatwa kwenye mbao isiyokauka inapinda kama ungo.

Nimefanya kila kitu, sanduku halivuji, trei tatu mpya, vibweta viwili. Siku ya sita kipimo cha unyevu bado kinasoma 58. Nimeongeza maji mara tatu. Tatizo ni nini?
*Msomaji, Njiro, Arusha*

Tatizo huenda lisiwepo. Acha kuongeza maji, tupige hesabu.

Hewa yote ndani ya lita 25, kwenye nyuzi 20 na unyevu wa 70, inabeba maji gramu 0.3 tu. Ni kama matone sita. Ingekuwa ni hewa peke yake, ungemaliza kazi kwa dakika. Lakini trei tatu za mkangazi zina uzito wa kama kilo moja. Mbao iliyokaa kwenye hewa ya asilimia 50 ina maji kama asilimia 9 ya uzito wake. Kwenye hewa ya 70 inataka 13. Tofauti hiyo kwa kilo moja ni gramu 40, kikombe kimoja cha kahawa ya kijiweni. Maji yote unayoweka yanakwenda huko kwanza, hewa inapata makombo. Mbao ikishiba, kipimo kitapanda chenyewe, na hapo ndipo maji uliyozidisha yatakapokurukia na kukupeleka 78.

Ilitakiwa mbao ishibishwe kabla siga hazijaingia: sahani yenye sponji na maji ya betri, sanduku limefungwa, siku tano hadi wiki. Usiipanguse trei kwa kitambaa kilicholowa kama wengine wanavyoelekezana, itapinda.

Halafu, je, umekipima kipimo chenyewe? Vya bei nafuu hudanganya kwa pointi tano bila haya. Chukua kizibo cha soda, tia chumvi ya mezani, dondoshea maji mpaka iwe kama mchanga uliolowa, isielee. Weka kizibo na kipimo ndani ya mfuko wa zipu, toa hewa kidogo, funga, acha saa 24 mahali ambapo joto halibadiliki. Chumvi iliyolowa hivyo hushikilia 75, popote duniani. Kipimo kikisoma 70, andika kwenye karatasi “ongeza 5” na uibandike mgongoni mwake. Inawezekana 58 yako ni 63.

Kama chumvi inashikilia 75, kwa nini nisiiweke moja kwa moja kwenye sanduku? Na kipande cha tufaha je?
*Msomaji, Usa River*

Kwa sababu 75 ndipo mlango wa kuvu unapofunguka, na chumvi hutambaa kwenye kingo za chombo mpaka kwenye trei. Tufaha linaoza. Viazi pia, maana tunajua swali lijalo.

Naona unga mweupe kwenye siga mbili, na nyingine ina kitundu kidogo cha mviringo kama kimechomwa sindano. Nimeambiwa unga ni mafuta ya tumbaku, dalili ya ubora. Sanduku liko juu ya friji, chumba kina joto.
*Msomaji, Soweto, Moshi*

Dada au kaka, hayo ni mambo mawili, na la pili ni zito zaidi.

Unga mweupe ulioota kwa mabakabaka, wenye manyoya ukiutazama kwa tochi ya pembeni, ni kuvu, hata muuzaji akiupa jina zuri. Ukiwa juu ya jani tu, ufute kwa brashi laini nje ya nyumba, tenga siga hizo, shusha unyevu. Ukiwa umeingia kwenye ncha iliyo wazi, ambako majani ya ndani yanaonekana, itupe.

Kitundu ni fukusi wa tumbaku. Mkubwa wake ni milimita 2 hadi 3, rangi ya kahawia nyekundu. Mayai huja yamo ndani ya tumbaku tangu kiwandani na hulala mpaka joto lipite nyuzi 24 au 25. Juu ya friji, Januari, Moshi: umewatengenezea kiota.

Kagua zote. Gonga kila siga kwenye karatasi nyeupe. Ikidondosha unga wa kahawia, ina mgeni. Zenye matundu zitupe. Zilizobaki, hata zinazoonekana nzima, zifunge kwenye mifuko miwili ya zipu, hewa ikitolewa. Siku moja kwenye friji la kawaida, kisha friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku tatu kamili, kisha friji tena siku moja, kisha mezani siku moja kabla ya kufungua mifuko. Ukizitoa friza na kuzifungua papo hapo, umande unazilowesha na majani yanachanika. Umeme ukikatika muda mrefu katikati, anza kuhesabu siku tatu upya. Wakati huo sanduku lioshe na trei zipigwe brashi kwenye pembe zote.

Kisha lihamishe. Liweke chini, kwenye sakafu ya saruji, chumba kisichopigwa na jua la jioni, na kwa joto la huko kwenu lenga 65 badala ya 70. Liwe mbali na stoo ya chakula pia: fukusi huyuhuyu anakula pilipili kavu, bizari na unga, na hachagui anakoanzia.