Mpira wa mkojo, saumu na jeli ya ganzi

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Nina miaka 52, na tangu niumie mgongo kibofu changu hakitoi mkojo chenyewe. Hospitali wamenifundisha kujiingiza mpira mara tano kwa siku, na unaniuma sana. Ramadhani hii bwana mmoja msikitini akaniambia mpira unabatilisha saumu, kwa hiyo nisubiri magharibi, na jeli ya ganzi niiache kwani ujira uko kwenye kuvumilia. Nimefanya hivyo siku tatu. Usiku wa jana nimetetemeka kwa baridi mpaka daku. Je, nizilipe zile siku za mwanzo nilizotumia mpira mchana? Na udhu wangu ukoje, maana kuna nyakati matone yananitoka?

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, kabla ya fatwa yoyote, nenda hospitali leo hii. Kutetemeka kwa baridi kwa mtu anayetumia mpira ni dalili ya uambukizo, na mkojo uliokaa kibofuni kutwa nzima ndio mahali vijidudu vinapostawi. Huweza kupanda kwenye figo, kisha kuingia kwenye damu. Fungua, meza dawa utakazopewa, siku hizo utazilipa ukipona.

Ama zile siku za mwanzo ulizojitia mpira mchana, saumu zake ni sahihi. Hulipi hata moja.

Bwana aliyekwambia vile hakulizua. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, kauli ya nguvu, na ndiyo aliyoisahihisha Imam an-Nawawi, ni kwamba kitu kikiingia kwenye tundu la uume hubatilisha saumu, kwa kuwa ndani ya tundu hilo ni jawf, yaani uwazi wa ndani ya mwili. Lakini akaishia hapo, kama kwamba dini ina kitabu kimoja. Abu Hanifa, Malik na Ahmad hawakuona hivyo. Al-Marghinani, mwanachuoni wa Kihanafi, katika kitabu chake al-Hidaya anaeleza chanzo cha khilafu kwa Mahanafi wenyewe: Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alidhani kuna njia kutoka huko hadi tumboni, Abu Hanifa akaona kibofu ni kizuizi na mkojo huchujika tu kuingia humo. Kisha anasema jambo hili si la mlango wa fiqhi. Basi ni la utabibu. Na utabibu umeshasema: mkojo hutoka kwenye figo ukashuka kwa mirija miwili, na kibofu hakina njia ya kwenda tumboni. Ndipo Majma', yaani Baraza, ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha kumi, Jeddah, mwaka 1997, ikapitisha kwamba kinachoingizwa kwenye njia ya mkojo ya mwanamume au ya mwanamke, uwe mpira, dawa au maji ya kuoshea kibofu, hakifunguzi. Jeli yako imo humo. Hiyo ndiyo fatwa ninayokupa.

Na hata tungeshika kauli ya madhehebu yetu, ingefuata nini? Ingefuata kwamba wewe ni mgonjwa, unajitia mpira, na siku hiyo unailipa au unaitolea fidya. Hakuna faqihi wa Kishafi'i aliyesema mgonjwa auzuie mkojo ili kuiokoa saumu! Toka daku mpaka magharibi ni zaidi ya saa 13, na figo hazifungi Ramadhani. Kibofu hakitakiwi kupita takriban mililita 500. Kikizidi hutanuka, misuli yake hudhoofu zaidi, na mkojo huweza kurudi nyuma kwenye figo. Abu Dawud amepokea kwa Jabir kisa cha mtu aliyepasuliwa kichwa na jiwe safarini, akapata janaba, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakasema hatukuonei ruhusa. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipoambiwa akasema: "Wamemuua, Mwenyezi Mungu awaue! Kwa nini wasiulize walipokuwa hawajui?" Msomee bwana yule hadithi hii, kwa upole.

Kuhusu ganzi, najua hoja hutolewa kwa kisa cha Urwa bin az-Zubayr, aliyekatwa mguu akakataa kinywaji. Alichokikataa ni cha kumwondolea akili. Jeli ya lignokeni inafisha ganzi ngozi ya ndani tu, akili yako iko palepale. Nabii Ayyub (a.s.) aliita, "Hakika mimi imenigusa dhara," na Qur'ani bado ikamwita mwenye subira. Mtume (s.a.w.) amesema mwiba tu ukimchoma Muislamu hufutiwa makosa, lakini hakusema usiung'oe.

Sasa yachunguze maumivu yenyewe, kwa sababu mara nyingi yana sababu inayoondoka. Ya kwanza ni haraka. Watu hutia jeli na kusukuma hapohapo. Jeli ya ganzi ya asilimia 2, kama mililita 10, iingizwe tunduni polepole, ubane kichwa cha uume kwa vidole, usubiri dakika tano. Uuinue uume kuelekea tumboni ili njia inyooke, kwa kuwa ukining'inia njia hujipinda. Mpira ukifika kama sentimita 15 hadi 20 utahisi umegoma: huo ni msuli wa kufunga mkojo umejikaza. Usisukume kwa nguvu, wala usiuchomoe. Tulia palepale, vuta pumzi, uitoe taratibu au kohoa kidogo, kisha endelea kwa mkono mwepesi. Mkojo ukianza kutoka, ongeza sentimita mbili tatu. Wakati wa kutoa, toa polepole na usimame kila mkojo unapotoka tena. Vaselini na mafuta ya nazi usitumie, hayayeyuki kwenye maji na hubaki ndani. Muulize nesi pia kama namba ya unene wa mpira inakufaa. Watu wazima wengi hutumia 12 au 14. Matone machache ya damu mwanzoni si ajabu, lakini damu ya mabonge, au mpira kugoma kabisa, ni safari ya hospitali.

Udhu wako: mpira unapotoka udhu umevunjika, kwa hiyo tia mpira kwanza, tawadha baadaye. Baada ya hapo wewe ni kama mtu mwingine mpaka utokwe na kitu. Ukipanga saa 11 alfajiri, saa 4:30 asubuhi, saa 9 alasiri, saa 1 usiku baada ya Magharibi na saa 5 kabla ya kulala, udhu wa saa 9 unaweza kukubebea Alasiri na Magharibi. Usiswali umebanwa, Mtume (s.a.w.) ameikataza swala ya anayesukumana na haja mbili, kubwa na ndogo.

Matone hayo ya mara mojamoja hayakufanyi mwenye udhuru wa kudumu, maadamu unapata muda mkavu wa kutawadha na kuswali, na muda huo ni mara tu baada ya mpira. Kama yanatoka kabla ya saa ya mpira, kibofu kimejaa kupita kiasi: punguza muda baina ya mara na mara. Yakiwa hayakatiki kabisa, osha, weka pedi, tawadha baada ya wakati wa swala kuingia, uswali, na kila faradhi udhu wake.

Mpira uliokwisha kuutumia usiuweke mfukoni mwa kanzu ukaswali nao, kwani umebeba najisi. Uache chooni ndani ya mfuko wake. Na mkeo akikusaidia kushika taa au kuutia kabisa, hakuna ubaya wala aibu. Kama daktari atasema unywe lita mbili mchana daima, basi funga umeondolewa. Toa kibaba cha chakula kwa kila siku, kwa maskini.

Wallahu a'lam.