Mashine kuganda inapowaka kwa sababu ya poti ya siriali

Ndugu, unasema kompyuta yako iliyounganishwa na mizani huganda inapowaka; mashine yako haijafa. Skripti inayosoma mizani imekwama tu kwenye kufungua /dev/ttyS0 (poti ya siriali ya kwanza). Tangu enzi za modemu, Unix, kama clocal haijawekwa, husubiri ishara ya DCD (ya kuonyesha upande wa pili umeunganishwa) kabla poti haijafunguka, na kebo yako ya nyaya 3 (TX ya kutuma, RX ya kupokea, GND ya ardhi) haina waya wa ishara hiyo. Skripti ikisubiri, vyote vilivyo nyuma yake navyo vinasubiri. Mwanzoni mwa skripti, kabla haijafungua poti, weka:

stty -F /dev/ttyS0 clocal -crtscts

clocal huiambia kerneli (kiini cha mfumo) isijali DCD. -crtscts huzuia uandishi usikwame kwa kukosa CTS (ishara ya ruhusa ya kutuma).

Ukishindwa kuingia, ongeza neno single (hali ya ukarabati) kwenye mstari wa kerneli ndani ya GRUB, menyu ya kuwashia mfumo. Halafu tafadhali hakikisha kwa amri fuser /dev/ttyS0, inayoonyesha nani anatumia poti, kwamba getty (programu ya kuingilia mfumo) haiigombanii poti hiyo hiyo.